Kiti Changu Siku ya Darubini

Jumatatu, tarehe 3

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Wajukuu zangu je? Mimi mzima, ila goti la kushoto lina kiburi kila likiona ngazi. Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinishonee maneno.

Paa la jikoni limezibwa. Haya, nimeshapotea njia! Nataka kukwambia habari za ule ukumbi ninaoufagia. Kile chama cha watazama nyota kina darubini yake, na ndani mna kioo kikubwa kama sinia. Nimekikuta kina vumbi. Mimi na vumbi tena? Nikakifuta kwa kitambaa na sabuni ya unga, nikasugua hasa, kikang'aa mpaka nikaona meno yangu yote matatu. Kumbe kioo kile hakiguswi! Nimekijaza mikwaruzo. Katibu wao kafoka, halafu kanipiga marufuku: Jumamosi wana mhadhara kuhusu darubini iliyorushwa angani, nami nisionekane. "Mhadhara si wa wafagiaji, bibi."

Kosa nimelikubali. Lakini tangazo mlangoni linasema watu wote mnakaribishwa, fundi kanisomea mara mbili. Sasa mimi ni nini, mbuzi?

Nitakwenda.

Mama yako

Jumatano, tarehe 5

Shikamoo mama,

Sisi wazima, wajukuu wanakusalimu. Nakuomba usiende. Kazi hiyo nilikutafutia mimi, kwa kubembeleza watu. Katibu akikuona atakufukuza. Na hayo mambo ya nyota utaelewa nini, mama? Kaa nyumbani, yatapita.

Binti yako

Jumatano, tarehe 12

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nimezipokea. Na ile "utaelewa nini" nayo imefika, nimeiweka pembeni ipoe.

Nilikwenda. Nilivaa lile gauni la harusini kwako, limenibana lakini limekubali. Nikakaa kiti cha mbele, maana vile viti navipangusa mimi, najua kipi hakiyumbi. Katibu akaja kuninong'oneza, "Bibi, toka." Nikamwambia, "Nibebe." Akaniangalia juu mpaka chini, akaona uzito wangu, akaenda zake.

Mtoa mhadhara ni mama mmoja mtaratibu. Akatuonyesha picha: darubini yenye vioo vya rangi ya dhahabu, iko mbali kupita mwezi. Maswali yalipoanza nikanyoosha mkono. "Mwanangu, kioo cha huko juu kikiharibika, nani anakifuta?" Watu wakacheka, katibu ndiye wa kwanza. Yule mama hakucheka. Akasema hakuna mtu. Vijiwe vinakigonga, alama zinabaki, nacho kinaendelea kuona.

Nikamgeukia katibu. "Basi hata chenu kitaona."

Ukumbi ukacheka tena, na safari hii si mimi niliyechekwa.

Juzi katibu alinitaka barua: niombe radhi kwa kioo, na kwa kukaa mbele ya wageni, la sivyo nirudishe funguo. Najua ulivyobembeleza watu, mwanangu. Kwa hilo nisamehe wewe. Lakini fundi ameshamwandikia, nami nimeweka dole gumba langu. Sikiliza ilivyo:

"Katibu, kwa kioo, niwie radhi sana, sikujua. Kwa kiti, siombi. Funguo zimo ndani ya bahasha, nimezisugua. Mhadhara ujao nitakuja bila ufagio."

Mama yako