Rangi mbili na maziwa

Jumanne.

Kumbe ni maziwa. Siku nne nameza zile kapsuli za rangi mbili nilizoandikiwa na kidonda cha mguuni bado kinavuja. Nilishaanza kuogopa kwamba nitakatwa mguu.

Leo nesi wa zahanati ameniuliza, "Bibi, unamezea nini?" Nikamwambia maziwa. Kwetu mgonjwa hamezi dawa kwa maji matupu kana kwamba hana ng'ombe.

Akacheka. "Basi yanayotibiwa ni maziwa, bibi, siyo wewe."

Akanieleza kwamba maziwa huishika tetrasaiklini, ndiyo hiyo rangi mbili, tumboni, isifike kwenye damu. Ikifika, inawazuia wadudu kuzaliana, na mwili ndio unawamalizia. Nimezee glasi nzima ya maji, tumbo likiwa tupu, nisilale hapo hapo. Jua kali nilikwepe. Na nisiache kabla ya dozi kuisha, hata kidonda kikikauka.

Sikuinuka. Miezi yote ya ugonjwa wake nilimpa marehemu Yohana dawa zake kwa maziwa, kwa mkono huu huu. Nikamuuliza nesi, huku naangalia sakafu, kama ni mimi niliyemmaliza mume wangu.

"Babu aliumwa moyo," akasema taratibu. "Dawa zake zile hazikuwa na ugomvi na maziwa. Ulimtunza, bibi."

Nimerudi nyumbani nikisahau kuchechemea.

Kesho saa kumi na mbili, rangi mbili na maji. Maziwa saa tatu, kwa kikombe cha bati cha Yohana.