Hukuwa Ukila Odowa, Halima

Binti yangu Halima,

Asubuhi hii hapa kichinjioni Kiamaiko nimempasua mbuzi nikakuta bandama yake imevimba. Sikungoja mkaguzi wa nyama, nilimweka kando. Bandama mbovu naijua kwa kuitupia jicho tu. Ya kwako niliishi nayo nyumba moja, nisiione.

Tumbo lako lilipoanza kufura ulikuwa na miaka tisa. Mimi, mjuaji wa mtaa mzima, nikaamua unakula odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, na kwamba minyoo imekujaa. Kila shule zilipofungwa nilikunywesha dawa ya minyoo. Siku moja nikaupekua mkoba wako mbele ya wenzako, nikaambulia vitabu na kifutio. Ukaniambia polepole, “Baba, mimi sikulangi odowa. Ni mifupa inaniuma.” Nikakujibu kuwa mifupa huuma wazee, uinuke ukafue. Alama nyeusi miguuni nikasema ni za kuruka kamba.

Kisha damu ya pua ikakataa kukatika, tukakuzika Ijumaa.

Ukweli nimeujua mwaka huu, tumbo la mdogo wako Salim lilipoanza vilevile. Daktari alitukalisha mimi na mama yako. Alisema katika utando unaozunguka kila seli mwilini kuna mafuta yanayoitwa sfingolipidi. Siyo ya kukaangia haya. Hubeba ujumbe, yakiiambia seli ikue, itulie au ife. Yakichakaa, vimeng'enya huyavunja. Ninyi wawili mlizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja, mafuta yakarundikana kwenye bandama, kwenye ini, hadi ndani ya mifupa. Kasoro hiyo mliirithi kwetu sote wawili.

Mama yako alilia. Mimi nikamwuliza daktari kama odowa haiwezi kuwa ilichangia. Akaniangalia, akasema hapana. Naona aibu kuandika haya, Halima: ulikuwa kaburini tayari, na bado nilikuwa natafuta kosa lako.

Salim ameanza matibabu, na bandama inapungua. Jana alisema mguu unamuuma. Nikaacha kazi katikati nikampeleka kliniki, sikumwuliza hata swali moja. Wewe uliniambia mwaka mzima.

Pumzika, mwanangu. Msamaha nitauomba, ila leo sijathubutu.

Ni mimi baba yako