Baba Yako na Jina Lililoandikwa Ubaoni

Kitangari,
Wilaya ya Newala.
10 Agosti, 2024.

Mpendwa mpwa wangu Huruma,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo nimeitika mapema. U hali gani huko Mpanda? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Wagonjwa wako wanakuachia nafasi ya kula? Huku tu wazima. Mikorosho imechanua vizuri na kila mtu ananuka salfa ya kupulizia, hata padri.

Mama yako, dada yangu Agatha, hajambo, ila goti. Baba yako hajambo mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa barazani, na kukaa kwenyewe sikai. Naandika mstari, nainuka, natazama njia, narudi. Ukikuta mwandiko unayumba, si pombe.

Ulisikia kwamba mwalimu Oliva amejifungua na darasa la watu wazima likabaki yatima. Wakanikabidhi chaki mimi, niliyeishia darasa la nne na mengine nikayaokota kwenye kurasa zilizofungiwa maandazi. Unajua pia kilichompeleka baba yako darasani. Barua zako zote namsomea mimi, naye alimwambia mama yako kwamba amechoka kumsikia binti yake kwa sauti ya shemeji. Mwisho wa mwezi huu kuna upimaji, na atakayeukosa anasubiri mwakani. Kwa umri wake, mwakani ni mbali.

Basi nikaanza aina za nomino. Nikawaambia nomino ni jina la mtu, kitu, mahali au hali, ila majina hayo hayakai chungu kimoja. Linalofaa kwa kila cha aina yake ni la kawaida: mkorosho, baiskeli, shemeji. Mikorosho yote ya Newala inaitika kwa neno hilo moja. Linalotaja kundi zima kama kitu kimoja ni la jamii, kwa mfano tita la kuni. Ukichomoa ukuni mmoja, ule ukuni peke yake si tita.

Kwenye nomino za wingi tulikwama. Nilisema maji, unga na mchanga havihesabiki. Mama Dickson, jirani yenu, anayeshuka bondeni kuchota kila alfajiri, akauliza mbona yeye anayahesabu tangu amezaliwa. Nikamwambia anachohesabu ni ndoo, maji yenyewe hayana moja wala mbili. Akasema nimfuate siku moja, nipande na hizo ndoo kichwani, halafu nimweleze tena.

Za dhahania, nikasema, ni zile usizoweza kushika wala kuonyesha kwa kidole: heshima, hofu, uvivu. Hapo Yassini akadai uvivu yeye anaweza kuuonyesha, akamnyooshea kidole baba yako. Tukacheka wote, baba yako akiwemo. Yassini huyu ni Myao wa Chiungutwa, mtani wake tangu wakiwa watoto wanaofukuza ndege mashambani.

Nikafika nomino za pekee. Hili ni jina la mmoja, linamtofautisha na wenzake wote, na utalijua kwa herufi kubwa mwanzoni hata likikaa katikati ya sentensi. Newala ni la pekee, mji ni la kawaida. Ruvuma ni la pekee, mto ni la kawaida. Nikaomba mfano. Yassini akaja ubaoni, akachukua chaki, akaandika, kwa herufi kubwa na bila kosa lolote, jina la utotoni la baba yako.

Sitaliandika hapa. Umezaliwa huku, unajua mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, la zamani linabaki porini, na kumwita mtu mzima kwa hilo ni kumvua nguo. Baba yako, ambaye mpaka siku ile alikuwa anafuata midomo ya wenzake, alilisoma lile neno peke yake. Ndivyo tulivyojua kwamba anajua kusoma. Akainuka, akabeba kiti chake, akaenda zake.

Tangu hapo hajakanyaga darasani. Barua yako ya mwisho iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Hataki niisome, na mwenyewe haigusi. Yassini alijitetea kwamba mtani hana kosa. Mama yako akamjibu kwa upole kuwa utani unafika mpaka msibani, lakini jandoni hauingii. Baba yako alisema mara moja tu, akiwa ametupa mgongo:

"Lile jina tulilizika. Aliyelifukua akalizike."

Kwa desturi, kulizika tena ni kuku na unga wa mtama, na mkosaji aje mwenyewe, mchana, watu wakimwona. Yassini aliahidi leo. Jua limeshapita utosi na njia ni tupu. Asipokuja, baba yako hatashika tena chaki, namjua. Mimi nimeshainuka tena wakati naandika sentensi hii.

Ngoja, nasikia pikipiki.

Nimerudi. Alikuwa yeye, nyuma ya bodaboda, kuku kwapani, mfuko wa unga begani, na katikati yake na dereva ndoo ya maji yenye kifuniko. Ile ndoo hatukuielewa. Tukaenda wote darasani, mama yako akamleta baba yako, ambaye alisimama mlangoni bila kuingia. Yassini akanyunyiza unga chini ya ubao. Kisha akauosha ubao wote kwa yale maji, ubao ambao tulikwisha kuufuta siku ile ile, akatoka akamwaga yaliyobaki vichakani, lile jina lirudi porini lilikoachwa. Mama Dickson aliyatazama yakizama mchangani, akahesabu: ndoo moja.

"Mzee Nikolao," akasema Yassini, ambaye hajawahi kumwita mzee, "ubao hauna kitu."

"Naona. Andika la sasa."

Yassini akaandika Nikolao. Baba yako akalisoma kwa sauti, taratibu, kama anayekagua korosho, akasema herufi ya mwisho imelala. Halafu akauliza, "Na huyo kuku ni wa pekee au wa kawaida?"

"Mpaka sasa ni wa kawaida. Akishachinjwa ni wa jamii."

Baba yako akaingia, akatafuta pa kukaa.

Sasa hivi yuko mlangoni kwake na barua yako. Anaisoma kwa kidole, midomo inacheza. Nilijitolea kumsaidia akaigeuzia upande wa pili. Sijui umeandika nini humo, jambo ambalo halijanipata miaka yote hii, nami nazunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo.

Mama yako anakusalimu sana. Mama Dickson na bibi Somoe wanakusalimu, na Yassini pia, kwa adabu, leo. Nisalimie mumeo Fortunatus na watoto. Mungu akae nawe kwenye zamu zako, na mikono yako iwe myepesi kwa wagonjwa.

Wako akupendaye,
mjomba wako Gervas.

Baba yako ameomba kalamu. Haya ya chini ni mkono wake, sikugusa kitu.

Huruma mwanangu. Ni mimi baba. Nimesoma yote. Sasa andika na yale uliyokuwa unamficha mjomba.