Jeneza la Mudathir relini

Widad, huwezi kuamini. Wanaume wamempitisha Mudathir relini kwenda kumzika! Relini, Widad, palepale treni ilipomgonga jana!

Eti barabarani ni kuzunguka, na maiti haicheleweshwi.

Mama yake, Bi Mwamvita, alikuwa mkekani na sie wanawake, tukasikia honi ya treni. Kakurupuka bila ushungi: "Wanamgonga mwanangu tena!"

Tena, Widad. Tulimshika watu wanne.

Kumbe walikimbilia mtaroni na jeneza mabegani, nusura limwangukie Hija, mdogo wa marehemu.

Wameshazika, wamerudi, wote wazima. Bi Mwamvita kauliza, "Mmerudi kwa njia gani?"



Hija, udongo wa kaburi bado mikononi, akasema, "Si ndiyo hiyohiyo ya reli, mama."