Wiki Nne Bila Nyundo

Jumatatu, 12 Januari

Masanduku kumi na mawili leo. Shule zinafunguliwa na kila mzazi amekuja mbio kutaka sanduku la bati la mtoto wake. Ochieng anakunja kona, mimi napiga mifuniko. Miaka ishirini na sita tuko benchi moja. Jua kali mno. Bati likikaa nje kidogo tu halishikiki.

Nimefika nyumbani na mlio bado umo masikioni. Kama birika linalochemka chumba cha pili. Mke wangu Rukia aliniita mara tatu kabla sijageuka. Akakasirika. Halafu akanitazama usoni, hasira ikamtoka.

Kesho ananipeleka hospitali. Sitaki.

Jumanne, 13 Januari

Wamenivisha vitu masikioni, wakanipa kitufe. Nikisikia sauti nibonyeze. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza. Nilidhani mashine haijawashwa. Ilikuwa imewashwa.

Daktari ni mdogo kuliko binti yetu wa kwanza. Ana adabu. "Mzee, nyundo imekula masikio yako," akasema. La kulia ni baya zaidi. Wiki nne nisiguse nyundo wala kusimama karibu nayo. Nikae mahali palipotulia, halafu anipime tena. Nikirudi kazini mapema naweza kupoteza hata hiki kidogo kilichobaki. Na kinachopotea hakirudi.

Nikamuuliza mahali palipotulia ni wapi. Mimi nakaa mtaa wa Ziwani, ukuta kwa ukuta na majirani. Akatabasamu, akaangalia karatasi zake.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia Rukia.

Jumatano, 14 Januari

Nimemwambia Ochieng. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwa kitambaa. "Manze, Athumani. Mwezi mzima? Na huu ndio msimu?" Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Nimeondoka pale kama mwizi.

Ijumaa, 16 Januari

Siku mbili natafuta ukimya. Nimeishi Eastlands hapa Nairobi tangu kuzaliwa, miaka hamsini na saba, na sijawahi kujiuliza ukimya unakaa wapi.

Nyumbani: redio ya jirani wa kushoto, televisheni ya jirani wa kulia. Uwanjani: mpira. Jana nikaenda mtaa wa Lucky Summer, niliambiwa kuna miti mizuri kando ya mto. Miti ipo. Chini yake watu wanaosha magari na kila gari linaimba wimbo wake.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nikapita makaburini, nikaketi karibu na kaburi la mama. Palikuwa kimya kweli. Kisha likaja jeneza, na watu wanalia. Nikaona aibu. Wenzangu wameleta maiti, mimi nimeleta masikio.

Jumapili, 18 Januari

Nimeenda Mowlem kumsalimu dada yangu Halima. Alikuwa mwalimu wa chekechea, sasa amestaafu, anapanda sukuma na kunde nyuma ya nyumba. Nikamweleza. Nilidhani atanihurumia. Akacheka. "Vaa viatu, kaka. Twende. Usiniulize."

Nyuma ya viwanja vya mwisho kuna machimbo ya zamani ya mawe. Yaliachwa siku nyingi. Shimo kubwa kama uwanja wa mpira, kuta zake zimekatwa wima, na chini kuna maji na matete. Kuna ngazi zilizochongwa na wachimbaji. Tukashuka polepole, Halima mbele.

Kwenye ngazi ya ishirini hivi, Nairobi ikakatika.

Sina namna nyingine ya kuandika. Honi, spika, pikipiki, vyote vikabaki juu, vinapita kule ukingoni na kwenda zao. Chini hakuna kitu. Nikasimama. Na katika ule ukimya mlio wangu ukapanda, mkubwa, kichwa kizima. Nikashikwa na hofu. Nikageuka nirudi juu. Halima akanishika mkono wa shati.

"Kaa," akasema.

Nikakaa juu ya jiwe. Sijui ni dakika ngapi. Halafu nikasikia tone. Maji yanatoka kwenye ufa wa ukuta na kudondoka. Moja. Kimya. Jingine. Nilikuwa sijasikia tone la maji kwa miaka. Nililisubiri kila mara kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Alhamisi, 22 Januari

Naenda kila siku. Natembea asubuhi kabla jua halijachoma, narudi alasiri.

Navua viatu. Jiwe la kivulini ni baridi hata saa saba mchana, na nyayo zangu zinalinywa kama zina kiu. Halima hunifungia embe na chumvi na pilipili. Nalila taratibu, maji yanatiririka hadi kiwiko, hakuna wa kuniona. Ndege wa manjano wanafuma vikapu vyao kwenye matete. Dume mmoja alimaliza kiota, jike akaja akakikagua, akaondoka. Dume akakifumua chote akaanza upya. Nikamhurumia. Mimi pia nimewahi kurudishiwa sanduku.

Kereng'ende hawahesabiki. Wekundu, wa buluu, mmoja rangi ya shaba iliyosuguliwa. Alitua gotini kwangu. Mabawa yake ni membamba kuliko bati lolote nililowahi kushika, na yana mishipa midogo kama ramani. Nani alimkatia? Kwa mkasi gani? Nilikaa bila kupumua mpaka akaondoka.

Nimekuwa kwenye mji huu maisha yangu yote. Haya yalikuwa hapa.

Jumamosi, 24 Januari

Ni usiku sana, nitaandika tu.

Leo Halima alikataa niondoke alasiri. "Ngoja jua lishuke. Utanishukuru." Tukaketi wote wawili. Jua likaingia nyuma ya magorofa. Kwanza wakaja mbayuwayu kumi hivi, wakazunguka juu ya maji. Halafu mia. Halafu nikaacha kufikiria hesabu. Walitoka pande zote za mji, juu ya mabati, juu ya nyaya za stima, wakajaa juu ya shimo mpaka anga ikawa inasonga. Wanazunguka pamoja, wanageuka pamoja, hakuna anayemgonga mwenzake. Halima anasema hukaa miezi ya jua tu, wanalala kwenye matete, kisha huenda ng'ambo, mbali, nchi za baridi.

Na walipozama ndani ya matete, walizama mara moja. Kama mtu amemwaga gunia la mtama. Nikasikia mabawa. Mimi, Athumani, ambaye mke wangu ananiita mara tatu. Niliyasikia kwa masikio yote mawili, sauti kama kitambaa kirefu cha hariri kinachovutwa juu ya kichwa changu, kinavutwa na hakiishi. Nikasema Subhanallah. Nikasema tena. Nilikuwa nalia na sikujali.

Dakika chache na wote wamelala. Matete yameinama kwa uzito wao.

Nimemsimulia Rukia. Amesema, "Siku zote hizo unaenda, hukufikiria kunichukua?" Kweli sikufikiria.

Jumatano, 28 Januari

Ochieng amekuja nyumbani. Rukia akampa chai. Kiganja cha Ochieng cha kulia kimevimba. Shule moja ya bweni imeagiza masanduku mengi, yanatakiwa Jumatatu, na yuko peke yake.

"Sikuja kukurudisha kazini," akasema. "Nimekuja kukusalimia tu, ndugu yangu."

Akanywa chai kwa mkono wa kushoto. Akaondoka.

Leo hata embe halikuwa na ladha.

Ijumaa, 30 Januari

Nimekwenda karakana. Nimemdanganya Rukia, nimemwambia naenda Mowlem.

Nilijaza pamba masikioni. Nikajiambia nusu siku, mpaka adhuhuri, basi. Ochieng alinitazama, akasema, "Athumani, hapana." Nikamsogeza pembeni nikachukua nyundo.

Niandike ukweli: nilifurahi. Mpini uliingia kiganjani kama haukuwahi kutoka. Mifuniko ilikaa sawasawa. Nilisahau kila kitu.

Kabla ya adhana, sikio la kulia likaziba. Hapakuwa na maumivu. Kama mlango umefungwa na mtu mpole. Nikatoa pamba. Nikapiga vidole karibu na sikio. Nikapiga tena.

Jumamosi, 31 Januari

Limekufa. Nikiziba la kushoto kwa kiganja, dunia inatoweka. Naona midomo tu.

Nimemwambia Rukia yote, pamoja na uongo. Hakunigombeza. Akaenda jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, na nilijua analia kwa mabega yake. Sauti haikunifikia.

Mimi ni mpumbavu. Nilikatazwa jambo moja tu.

Jumatatu, 2 Februari

Daktari amenipa vidonge vya wiki moja. Pengine litarudi kidogo, pengine halitarudi. Hakuniahidi. La kushoto bado lipo, nililinde kama jicho. Hakunikaripia, naye alikuwa na haki.

Jioni Ochieng akaja. Aliketi kwenye kizingiti, hakutaka kuingia. "Ni mimi nimekuponza," akasema. Ilibidi arudie kwa sababu alikuwa upande wa kulia. Kurudia kukamvunja. Nikahamia upande mwingine, nikamwambia hakuniita mtu, niliingia na miguu yangu. Tukakaa. Mwishowe akasema nitakuwa nanunua bati na kupokea wateja, nikae mbali na benchi. Kwa benchi atatafuta fundi mwingine. Ameshafikiria yote.

Nimekubali. Nilipokubali niliumia kuliko nilivyotarajia. Mtu anaweza kuipenda kazi inayomla.

Jumapili, 8 Februari

Nimempeleka Rukia machimboni. Halima hakutufuata, alisema goti linamsumbua. Nadhani lilikuwa zima.

Rukia alishuka ngazi akilalamika kila hatua. Akafika chini. Akavua viatu. Akapandisha dira hadi magotini, akaingia kwenye maji ya pembeni, mama wa watu wazima watatu, akasimama pale anatazama kereng'ende wakimzunguka. Akacheka peke yake. Sijui ni lini nilimwona hivyo. Labda kabla ya watoto.

Tuliwasubiri mbayuwayu. Walikuja. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Sauti ya mabawa ilikuwa ya upande mmoja tu, sikujua inatoka juu au nyuma, yote ilikuja kushoto kama wote wamepitia mlango mmoja. Niliomboleza ule upande mwingine. Ni kweli, niliomboleza. Lakini macho yangu yalikuwa yamefunguka kuliko mara ya kwanza. Niliona kitu ambacho sikukiona siku ile: kabla ya kuzama, kundi zima husita. Muda wa kupepesa jicho. Maelfu yao wamening'inia hewani, kila mmoja anawasubiri wenzake. Kisha chini.

Rukia alinishika mkono. Hatushikani mikono nje, sisi. Akasema kitu. Nikamwambia sikusikia. Akasema hajasema kitu, alikuwa anamtaja Mungu.

Jumanne, 10 Februari

Kipimo. La kulia, hakuna. Limekwenda. La kushoto limebaki palepale lilipokuwa, halikushuka. Daktari alinionyesha mistari miwili kwenye karatasi, mmoja umeanguka, mmoja umesimama. Akasema nina bahati. Nimelitafakari neno hilo njia nzima na nimeona amesema kweli.

Mlio upo. Umekuwa mdogo. Nimeuzoea, kama mpangaji asiyehama.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya tatu ya kazi mpya. Nimenunua bati, nimechagua misumari, nimebishana na mama mmoja kuhusu rangi ya sanduku. Fundi mpya ana mkono mzito lakini atajifunza. Kwa mbali nyundo zinasikika kama mvua ya mtaa mwingine. Ochieng amevaa vizuia sauti masikioni. Nimemlazimisha. Anasema anafanana na rubani.

Jumapili, 15 Februari

Ramadhani imekaribia. Rukia anachambua mbaazi za kuweka akiba.

Baada ya alasiri stima ilipotea mtaa mzima. Redio ya kushoto ikafa, televisheni ya kulia ikafa. Watu wakatoka nje na viti, wengine wakinung'unika. Nasi tukatoka. Tukaketi nyuma ya nyumba, kwenye kile kivuli chembamba cha ukuta, miguu juani. Upepo kidogo. Nguo za watu kwenye kamba. Paka wa jirani amelala juu ya tangi la maji, mkia unaning'inia.

Rukia aliweka ungo mapajani. Nikasikia kitu. Nilidhani ni mlio wangu, nikageuza kichwa. Haukuwa mlio. Rukia alikuwa anaimba kwa ndani, midomo imefungwa, wimbo usio na maneno, unapanda na kushuka na vidole vyake kwenye mbaazi.

Tuna miaka thelathini na moja ya ndoa. Sikujua kwamba anaimba.

Nikakaa hivyohivyo, macho kwenye paka, mpaka jua likavuka ukuta. Sikumwambia. Akijua nasikiliza ataacha.