Draiva imesema kanuni zipo zote

Shoga, niko wodini, siko ofisini.

Unaikumbuka ile draiva, programu ya kuendesha kadi ya mtandao, niliyowaandikia hapa hospitali? Kanuni zake zinatanguliza tahadhari za mashine za wagonjwa, mengine yote yanasubiri. Leo asubuhi kadi ilijizima, ikajiwasha. Ikaamka tupu, haina kanuni hata moja.

Tahadhari ya mzee mmoja ikakwama nyuma ya picha za eksirei. Skrini ya muuguzi kimya kabisa. Mke wa mzee ndiye aliyepiga kelele. Wamemuwahi.

Sasa sikia hili. Nilipofika nikaiuliza draiva kama kanuni zipo. Ikajibu zipo zote. Zote, shoga! Ilikuwa inasoma kumbukumbu yake yenyewe, haikuiuliza kadi.

Muuguzi akaniambia, "Mwanangu, kumbe hiyo draiva yako inaapa kwa kitu ambacho haijakiona?"

Nikasema ndiyo.

Nimeirekebisha. Kadi ikiwaka, draiva inaziandika kanuni upya, kisha inazisoma kutoka kwenye kadi yenyewe. Nimeizima kadi na kuiwasha mara kadhaa, na tahadhari inafika.

Muuguzi kaniuliza, "Basi imepona? Twende tukanywe chai."

Nikatazama skrini. "Kanuni zipo zote." Maneno yale yale ya asubuhi.

Nimemwambia atangulie. Nimevuta kiti kando ya kitanda cha mzee, namwangalia kifua kinavyopanda na kushuka.