Ruta Imetoka Kabatini, Neema Hahami

Uyole, Mbeya

Baba Neema, mume wangu,

Kamwene! Mguu umeacha kuvimba? Na yule ndama, ananyonya? Mimi ni mzima. Baridi ya hapa ni ileile ya kwetu Igowole, koti sijalivua tangu nije kulea mjukuu. Lakini leo siandiki habari za baridi. Weka kikombe cha ulanzi chini, ukae vizuri: binti yako kapata kazi! Na Dar es Salaam haendi.

Si unajua ile kampuni ilikubali awafanyie hesabu akiwa nyumbani? Sharti lilikuwa asailiwe kwa video, mtandao usikatike. Ukikatika, basi, ahamie Dar na mtoto wake. Mara ya kwanza picha iliganda, Neema mdomo wazi kama samaki. Wakampa nafasi moja tu tena, Ijumaa. Jirani yetu wa hapa Uyole, Mama Geofrey, akaniambia, "Anza kufunga mizigo, mwenzangu." Nikamjibu, "Funga wako."

Tukaenda mjini kununua ruta mpya, kile kidude kinachorusha mtandao ndani ya nyumba. Dada muuzaji akauliza, "Mliyo nayo ni Waifai ya ngapi?"

"Ya tano," Neema akasema. "Na kompyuta yangu ya tano."

"Basi hata ukinunua ya sita, kompyuta itakwenda mwendo wake wa tano. Na hiyo kasi iliyoandikwa kwenye boksi isikutie tamaa, hupati zaidi ya kifurushi unacholipia."

Ni kama bomba letu, Baba Neema. Weka tenki kubwa uwezavyo, maji ni yaleyale yanayoingia.

Akasema tena ruta inarusha mawimbi ya aina mbili. Ya mbili nukta nne yanafika mbali na kupenya kuta, ila taratibu. Ya tano yana kasi, ila ukuta unayachosha. "Na tano hii siyo ile ya Waifai ya tano, mama, usichanganye." Nichanganye mimi? Nilielewa palepale! Ya kwanza ni mwanamke mwenye mzigo wa kuni, polepole lakini mlima anaumaliza. Ya pili ni bodaboda, kwenye lami anaruka, kwenye tope anasimama. Sasa unajua Neema akili kaitoa wapi.

"Na ruta mmeiweka wapi?"

Neema akanitazama. Unanijua, kitu cha thamani kwangu hakikai wazi. Nilikuwa nimeiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya masinia ya harusi, nikaifunika kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua.

Dada alicheka mpaka akashika meza. "Mama, umeitia jela! Bati la masinia linazuia kuliko hata ukuta." Hatukununua kitu.

Ijumaa ruta ikakaa juu ya rafu, wazi, chumba kimoja na meza yake. Neema akaunga kompyuta kwenye yale mawimbi ya kasi. Kitambaa nikakitundika ukutani, kisikae bure. Nikajibana mlangoni na mjukuu mgongoni. Video haikukwama hata kidogo! Mwishoni bosi mmoja akauliza, "Hicho kitambaa kizuri kafuma nani?" Neema akasema, "Mama yangu." Kazi akapewa.

Leo Mama Geofrey kaja kuniomba nikamtazamie ruta yake. Nimeikuta nyuma ya friji. Nimemwambia, "Itoe, mwenzangu."

Msalimie mama mkwe, na shangazi yake Neema, na yule mwalimu mstaafu aliyemfundisha hesabu. Huyo mpe barua asome mwenyewe.

Ni mimi mkeo, Mama Neema, ninayeandika kwa mkono mmoja. Wa pili kaulalia mjukuu wako, na hakuna wa kumhamisha.